Uso wa Mama Zipora Ambao Sikuupima

Kwako Baba, ambaye huko uliko sidhani unahitaji miwani tena,

Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nimejikuta naanza na habari za shamba: mahindi ya Njoro yamebeba vizuri, ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike, bati la jikoni limebadilishwa. Nikajishika. Mtu anayeanza na ndama ana jambo analolikwepa. Basi wacha niliseme mapema kabla moyo haujaniruka. Kuna kitu uliondoka duniani bila kukijua, nami nimekijua peke yangu kwa miaka tisa. Kinahusu ile picha ya Mama Zipora. Ninakuandikia waziwazi, mahali ambapo na wengine watasoma, kwa sababu lawama uliyoibeba kwa ajili yangu uliibeba mbele ya watu.

Wasomaji ambao hawakukujua wajue kwamba ulikuwa na studio ya picha mjini Nakuru. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, pazia la kijivu na kioo cha kuchania nywele. Nyuma kulikuwa na kile kichumba cha giza ambacho Mama alikiita choo cha pili, kwa sababu ukiingia humo hutoki, na ukigongewa mlango unapiga kelele. Nilipofika sekondari dunia nzima ilikuwa imehamia kwenye rangi, halafu kwenye simu. Mbele ulipiga za pasipoti kwa kamera ya dijitali kama kila mtu. Lakini nyuma uliendelea na filamu yako ya nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya wale walioitaka, na wengi wao walikuwa Wakorino, wale waumini wa vilemba vyeupe, kutoka juu huko, Mau Narok na vijiji vyake.

Nilikuwa mtoto, na nilidhani wanakuja kwa sababu unawachekesha. Baadaye nilielewa. Mtu mweusi, kilemba cheupe, kanzu nyeupe, jua la Nakuru la saa tano: hiyo ni kazi inayoshinda wapiga picha wengi. Walikuwa wameenda kwingine, wakapewa kilemba kinachong'aa kama sufuria mpya na chini yake kivuli chenye meno. Kwako walipewa mashavu. Walipewa mikunjo ya paji la uso na hata mikunjo ya kitambaa chenyewe, yote kwenye karatasi moja. "Jicho linasamehe," ulikuwa ukiniambia. "Inaona nyeusi na nyeupe wakati moja, inasamehe zote. Filamu haisamehi mtu. Lazima uibembeleze."

Kubembeleza kwako nilikukariri kabla sijakariri jedwali la mara saba. Mwanga mwingi, dawa kidogo. Ulisogeza kipima mwanga hadi karibu kiguse ngozi, ukasema, "Samahani mama, napima shavu tu," na akina mama wakacheka na kuficha mdomo. Kilemba hukukipima kamwe. Filamu uliichukulia kama ni mvivu, ina nusu tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti, ukaipa mwanga mara mbili ili uso mweusi upate kuandikwa. Halafu kwenye kopo la kusafishia filamu ulipunguza dakika za dawa, ili ule weupe usije ukapanda na kufunika kila kitu. Mimi nilikuwa nahesabu dakika kwa sauti. Siku moja uliniachia kopo nikalitikisa kama chupa ya juisi, ukanishika mkono. "Polepole. Ukitikisa hivyo unaipigia kelele."

Na wakati wa kuchapa, ulikuwa na kile kikadi cha duara ulichokigundisha kwenye waya wa baiskeli. Taa ya mashine ikiwaka, ulikichezesha juu ya uso, ukiukinga usizidi kuwa mweusi, kisha ukaziba uso kwa viganja na kuachia kilemba peke yake kiungue kidogo zaidi. Mikono yako ilikuwa minene, mikono ya mtu aliyelima, lakini humo ndani ilikuwa myepesi ajabu. Nilikupenda sana ukiwa humo. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Halafu nikaenda chuo Nairobi na kichwa kikavimba.

Huko nilifundishwa mengi mazuri, sitasingizia walimu. Niliyoyachagua kuyashika niliyachagua mwenyewe. Nilichagua kupenda picha kali: nyeusi iwe nyeusi tititi, nyeupe iwe nyeupe pe, na katikati kusiwe na kitu. Nilirudi likizo, nikaangalia zile picha zako ukutani zenye kijivu cha kila aina, nikakuambia mbele ya wateja, "Baba, picha zako ni uji." Wewe ukafuta miwani kwa shati, ukajibu, "Uji inashibisha." Ukacheka, na mimi nikacheka, nikidhani nimeshinda.

Baba Zipora wa Mau Narok, mume wa Mama Zipora, alikuwepo siku hiyo. Alikuwa ameketi kwenye benchi na gunia lake la viazi miguuni, kwa sababu hakuwahi kuja mjini bila kukuletea viazi. Mlikuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa. Jumamosi akishauza mzigo wake sokoni, mlikunywa chai ya kibanda cha pembeni, nyinyi wawili, mkibishana kuhusu mvua. Yeye hakucheka nilipotaja uji. Aliniangalia tu kama mtu anayeangalia ndama aliyekanyaga mboga.

Ulipopata mtoto wa jicho, ukaambiwa utafanyiwa upasuaji jicho moja kwanza, nilikuwa nimemaliza chuo na niko nyumbani nikitafuta pa kuonyesha kazi zangu. Jumamosi moja kabla ya upasuaji Mama Zipora alikuja peke yake, bila mzee, bila mtoto hata mmoja. Alikuwa amevaa kilemba kipya, kimefungwa vizuri, na alikuwa na haya kidogo kama anayeomba kitu kisicho haki yake.

"Nataka picha yangu, mimi pekee yangu," alikuambia. "Zile zote niko nazo, nimebeba mtoto ama nimesimama nyuma ya mzee, naangalia chini. Hii nataka nionekane mimi."

"Utaonekana," ulimjibu. "Ciru atakupiga, mimi macho imekataa. Lakini ni mimi nimemfunza."

Ukanivuta kando ukanirudia maagizo kana kwamba ni mara ya kwanza. Pima shavu. Mpe mwanga. Kwenye dawa toa dakika mbili. Nikasema, "Ndio Baba, najua." Na nilijua, hilo ndilo baya. Sikukosea kwa kutojua.

Nilimketisha karibu na dirisha, nikafunga pazia nusu. Nilitaka kilemba kielee gizani peke yake, kizuri, cheupe, na chini yake kusiwe na maelezo mengi. Kwa hiyo nilisogeza kipima mwanga hadi kwenye kitambaa. Nilipima kilemba. Yeye alikaa pale karibu nusu saa, mgongo umenyooka, mdomo umefungwa kwa tabasamu, macho yake yameniangalia moja kwa moja kwa ujasiri ambao bila shaka aliufanyia mazoezi nyumbani. "Nimekaa vizuri?" aliniuliza. Nikamwambia, "Uko sawa kabisa, mathe." Mathe. Mtu aliyenichomea viazi jikoni kwake tangu nina miaka sita, nikamwita kama mtu wa kupishana naye kwa barabara.

Kisha niliingia kichumbani nikafanya kinyume cha kila ulichonifunza. Dawa nzito, dakika nyingi, kopo nikalitikisa kwa raha zangu. Filamu ilipotoka na kukauka niliona nilichokitaka. Nilichapa moja siku hiyohiyo na kukaa nikiiangalia, na nakiri kwamba nilijiona nimefika.

Ulirudi kutoka hospitali na jicho moja limefungwa kitambaa. Ukaitaka negativu, ile filamu yenyewe iliyosafishwa. Ukaipeleka dirishani, ukaishika juu kwa vidole viwili, ukaisogeza karibu na lile jicho lililobaki, ambalo nalo lilikuwa na ukungu wake.

"Uso iko wapi?"

"Imeingia kwa shadow, Baba. Hiyo ndio style. Iko na mood."

"Sijakuuliza mood. Nimekuuliza uso."

Kwenye negativu mahali pa uso palikuwa peupe, plastiki tupu. Ulishinda siku tatu humo ndani ukijaribu kuuokoa. Ulitoa zile karatasi laini ulizozihifadhi kwa kazi ngumu, ukaziamsha kwa mwanga hafifu kabla ya kuchapa, ukachezesha kikadi chako tena na tena. Ulikuwa umekatazwa kuinama na kukaza jicho. Mama aligonga mlango, ukamfokea. Siku ya tatu ulitoka, ukakaa kwenye benchi la wateja. "Mwanga haikuandika kitu hapo," ulisema. "Siwezi kusoma kitu haikuandikwa." Hukunigombeza. Ulisema tu, "Mpigie simu aje tena. Mwambie tumekosea. Mimi nitapima mwenyewe hata kama ni kwa mkono."

Ulisema tumekosea, sisi. Nilisikia hilo neno na likanikera badala ya kunigusa.

Sasa nafika pale ambapo hujui, Baba.

Sikupiga simu. Kulikuwa na mahali Nairobi ambapo nilikuwa nimetuma ile picha, na walikuwa wamenijibu kwamba imewapendeza, wataiweka kwenye maonyesho. Niliwaza kwamba Mama Zipora akirudi, ukampiga wewe, ukatoa moja ya zile picha zako zenye kila kitu, basi yangu itakuwa ni ile iliyoharibika tu. Nilikuwa nakuonea wivu na nikauita wivu huo sanaa. Jumatano uliniuliza, "Umempata?" Nikakujibu, "Hashiki, Baba. Network ya huko juu unaijua." Wiki iliyofuata ukauliza tena na nikakujibu vilevile, bila hata kupepesa. Sikuwa nimebonyeza nambari hata moja.

Wiki ya tatu Baba Zipora akaja. Hakuwa na gunia. Alisimama mlangoni na hakuingia, na wewe ukamtambua kwa umbo kwa sababu sura ulikuwa huioni vizuri. "Karibu, karibu ndani," ulimwambia, ukaanza kusogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Mama ametuacha," alisema. "Juzi. Alianguka tu hapo kwa ng'ombe. Nimekuja kuchukua ile picha, tumzike nayo."

Ukanigeukia. Ni mara moja tu, na haraka, halafu ukamgeukia yeye.

"Iliharibika," ulimwambia. "Ni mimi. Hii macho yangu ilinidanganya nikapima vibaya."

"Aliniambia ni Ciru alimpiga."

"Ciru alifinya tu kitufe. Kupima ni mimi."

Nilikuwa nimesimama kando ya pazia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno, tena si nafasi moja. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, mzima, na sikuutumia.

"Na mbona hamkumwita arudi?" aliuliza. "Alikuwa anangoja. Kila saa nikitoka huku ananiuliza kama nimepitia kwako, namwambia nakuacha upone macho kwanza."

"Tulimpigia. Hakushika."

"Hakushika?" Sauti yake ilibadilika hapo, Baba. Nafikiri uliisikia. "Simu yake ilikuwa kwa mfuko ya aproni mchana kutwa, anauza maziwa. Hakuna simu ilipita."

Wewe ulirudia. "Tulimpigia, rafiki yangu. Tulimpigia." Ulilisema kwa uhakika wa mtu mkweli, kwa sababu ndivyo nilivyokuambia. Na yeye akakuangalia kama mtu anavyomwangalia mwongo aliyemwamini miaka mingi. Kosa la macho angelisamehe, nina hakika, angelisamehe palepale mlangoni. Uongo kuhusu marehemu ndio alioshindwa kuumeza. Alisema, "Sawa, mzee," akaondoka. Walimzika mke wake na picha ya kitambulisho iliyokuzwa hadi ikawa madoa madoa, kilemba na kiwingu. Hiyo niliambiwa na watu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Habari ilipanda mlima kabla ya jua kutua, na watu wa vilemba wakaacha kuja, mmoja mmoja, kwa adabu, bila kukutukana. Ulikaa miezi kadhaa ukipiga pasipoti, kisha ukafunga. Ulisema ni macho, na hata mbele ya Mama uliendelea kusema ni macho. Viazi mkaanza kununua sokoni, na kila vikipikwa ulisema, "Hivi viko na maji." Hukusema vya nani havikuwa na maji. Mama aliwahi kukuambia upande Mau Narok umwone rafiki yako mzungumze, ukajibu kwamba mtu aliyefiwa hasumbuliwi. Uliishi miaka minne hivyo, ukafa hivyo.

Na hukuniuliza. Hadi leo sijui kama hukuniuliza kwa sababu uliniamini au kwa sababu ulijua na ukangoja niseme. Nimezigeuza hizi mbili usiku na mchana, na kila moja inanichoma kwa upande wake.

Mimi nilikwenda na picha yangu Nairobi. Iliwekwa ukutani peke yake, imepewa taa. Watu walisimama mbele yake na kutikisa vichwa. Mwanamke mmoja aliniuliza yule ni nani, nikamjibu, "Ni mama mmoja wa huko kwetu Rift Valley." Nilijibu hivyo kwa sauti tulivu, na glasi mkononi. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, aonekane, na nilimtundika mbele ya watu wa jiji zima bila uso na bila jina, nikapigiwa makofi.

Unajiuliza kwa nini nakuambia sasa. Ningependa kusema dhamiri iliniamsha, lakini nisitie chumvi. Dhamiri yangu ni nzito kuamka. Ni msichana mmoja aliyeniamsha.

Siku hizi ninafundisha, Baba. Kamera zako za zamani zimerudi kuwa fasheni, vijana wanazitafuta kama dhahabu, na Jumamosi wanakuja kwangu wanane au tisa tunafanya filamu. Malalamiko yao ni yaleyale: nyeupe imeungua, nyeusi imekufa, katikati hakuna. Nami ninawafundisha mwanga mwingi, dawa kidogo, pima shavu, usitikise. Wanadhani ni maarifa yangu. Sikuwahi kuwaambia niliyapata wapi, na hiyo nayo iongeze kwenye hesabu ya aibu zangu. Basi mwezi uliopita yule msichana akaninyooshea simu.

"Madam, si hii ni yako? Nimeipata online. Hii ni moto! Sasa mbona unatufunza kutuliza contrast na wewe ulifanya hivi? Mimi nataka hivi."

Nilimwambia hiyo ni picha iliyoharibika.

"Imeharibika aje na iko fiti? Na huyu mathe ni nani?"

Nilifungua mdomo. Nikajua kwamba nikisema "mama mmoja wa Rift" kwa mara ya pili, sitaacha kulisema hadi kufa. Nikawaambia anaitwa Mama Zipora wa Mau Narok, na kwamba aliniketia nusu saa. Watoto wa watu wakabaki wananiangalia. Nikavunja darasa mapema.

Jumatatu asubuhi nilipanda Mau Narok. Baridi ni ileile. Ngano imekatwa, mashamba yamebaki mabua matupu. Baba Zipora nilimkuta uani anachagua viazi, vikubwa huku, vidogo huku, kwenye kiti kifupi kinachomfanya aonekane mzee zaidi. Alinitambua upesi. Hakusema karibu, wala hakunifukuza. Nikachuchumaa upande wa pili wa rundo la viazi, na kwa kuwa nilijua nikianza na salamu nitaishia kwenye habari za ndama, nilianza na simu.

Nilimwambia yote, Baba. Kwamba nilipima kilemba makusudi. Kwamba wewe uliniagiza nipige simu na nikakudanganya kwamba nimepiga, mara mbili. Kwamba picha niliionyesha Nairobi. Aliendelea kuchagua viazi muda wote huo, lakini niliona ameanza kuchanganya vikubwa na vidogo.

"Iko? Hiyo picha?"

Nilikuwa nimeibeba. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya udongo. Akaweka kidole palipo peusi, chini ya kilemba, akakiacha hapo. "Hapa ndio angekuwa," alisema. Halafu akaniambia, "Hii usionyeshe mtu tena." Nikasema sitaonyesha. Akaiingiza ndani ya koti lake na hakunirudishia.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelitayarishia majibu mengi, na yote yakanitoka.

"Kwa hivyo mzee hakunidanganya?"

"Hapana. Mimi ndio nilimdanganya. Yeye alikuambia kitu alikuwa anajua ni ukweli."

Zipora, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alitoka jikoni na chai, akatuona, akarudi nayo ndani.

"Mzee alipokufa walikuja kuniambia," Baba Zipora alisema. "Watu wa kanisa walienda. Waliniambia twende, nikasema mimi mwongo simziki. Nikakaa hapa hapa, nikapanga viazi." Alikuwa haniangalii. "Na kila wiki napita hapo Njoro na mzigo. Nikifika kwa gate yenu naangalia ule upande mwingine. Miaka yote hiyo. Shingo yangu imezoea."

Baba, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kulaaniwa. Siku ya mazishi yako kulikuwa na watu wengi, na sikuhesabu nani hayupo. Nilikuwa nalia kilio cha binti mwema, nikifarijiwa na kila mtu. Sikujua kwamba aliyekupenda kuliko wote alikuwa juu mlimani anakataa kukutupia udongo kwa sababu ya uongo wangu. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilianza kusema naomba msamaha, akanyoosha mkono kunizuia.

"Mimi na wewe tutaongea siku ingine. Ama hatutaongea, sijui. Saa hii nipeleke kwa mzee."

Alinawa mikono kwa muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na kilemba kingine, safi, akabeba gunia dogo la viazi begani na kukataa nimsaidie. Njia nzima hadi Njoro alilipakata mwenyewe. Tulipofika, Mama alikuwa anaanua nguo. Alimwona, akaziacha zote zikaanguka kwenye nyasi. Baba Zipora alimpa gunia, akauliza kaburi liko wapi, naye Mama akamwonyesha, pale nyuma ya migomba.

Nikaanza kumfuata. Akageuka.

"Wewe ngoja hapo kwa mlango."

Nikangoja. Ilikuwa saa saba mchana. Nilimwona anasimama, halafu akainama akachota udongo kwa mkono ule alioutakasa, akautupa juu yako kama watu wanavyofanya siku ya kwanza, mara tatu, ingawa nyasi zimeshaota na msalaba umeshaanza kuchakaa. Halafu akaketi chini kabisa, kilemba na koti na vyote, akaanza kukuongelesha. Alikuongelesha muda mrefu. Mara mikono yake ilirukaruka kama anabishana, na kuna wakati mabega yalitikisika, sikujua kama ni kicheko au ni kilio. Mama aliniuliza, "Amefuata nini, Ciru? Nini imefanyika?" Nikamwambia naye, palepale mlangoni. Mama hajaniambia neno kuhusu jambo hilo tangu siku hiyo. Ananipikia, ananipa chakula, na anaondoka chumbani.

Najua kuna watakaosoma hapa na kusema, basi angalau sasa moyo umetua. Haujatua, na sitaki wanihurumie. Ninaona haya nikipita mbele ya lile duka lililokuwa studio yako. Ninaona haya nikishika kopo lako. Vijana wangu nimewaambia mwalimu wao halisi ni nani, na nilipotaja jina lako niliangalia sakafu.

Sikusikia alichokuambia, na sitamuuliza. Hayo ni yenu wawili, na niliwanyima nafasi ya kuyasema mkiwa hai wote. Lala salama, Baba. Rafiki yako alikuja kukuzika. Aliyemchelewesha ni mimi.

Binti yako,
Ciru